Usiniambie umelimaliza kwa siku mbili

Mpwa wangu alikuja Jumapili akiwa na hukumu tayari. "Mjomba, lile gemu ulilonisifia ni fupi. Siku mbili tu nimelimaliza." Alikuwa anazungumzia Devil May Cry 5, iliyotoka Machi 2019, ambayo nilikuwa nimemuimbia sifa zake mwaka mzima. Nikamuuliza alikuwa akipata herufi gani. Akanitazama kama nimemuuliza habari za mtu asiyemjua. "Herufi za nini? Si nimemaliza?"

Jibu hilo halikuniacha nilale vizuri. Si yeye peke yake. Kila nikikaa na vijana wanaocheza, maoni yao kuhusu gemu huanzia na kuishia hapo hapo: fupi, refu, picha zake safi, hadithi yake imenichanganya. Wanalipima gemu kama safari ya basi, ukishafika umefika. Kwa magemu mengine sina ugomvi na kipimo hicho. Kwa hili nina ugomvi nacho mkubwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika padi: Dante ni mwindaji wa mapepo, nywele nyeupe, koti jekundu, upanga mgongoni na bastola mbili. Mapepo yanamjia, anayaua. Kazi ya kuua haina ugumu wa ajabu, hata mtu anayebonyeza ovyo ataiweza akivumilia. Ila pembeni mwa skrini kuna herufi inayokutazama wewe mchezaji. Inaanzia D, inapanda C, B, A, kisha S, SS, hadi SSS. Herufi hiyo haijali kama umeua, inajali umeuaje. Ukirudia pigo lile lile inagoma kupanda. Ukipigwa inashuka. Ukilirusha pepo juu kwa upanga, ukalipokea kwa risasi, ukabadili silaha likiwa bado hewani, ukalizungusha, ukalipandisha tena lisiguse ardhi, hapo inapanda. Ni danadana. Na mtu anayepiga danadana uwanjani haulizwi amefunga magoli mangapi.

Nililijua hilo kwa shida. Mwaka 2006 mimi na kaka yangu tulikuwa na kibanda cha gemu Magomeni: televisheni mbili, PlayStation 2 mbili, moja ikiwa haisomi CD mpaka uisimamishe wima. Watoto walilipia Winning Eleven, gemu la mpira, na ndiyo iliyotulipia umeme. CD ya Devil May Cry 3 ilikaa kwenye droo. Aliyethubutu kuilipia alikutana na Cerberus, mbwa wa barafu mwenye vichwa vitatu, kwenye misheni ya tatu tu, na hela yake ikaishia pale. Baadaye nilisoma kwamba watengenezaji waliuza Marekani toleo ambalo kiwango cha "kawaida" kilikuwa ndicho kilichoitwa "kigumu" kule Japani. Sisi tulidhani vidole vyetu ndivyo vibovu.

Usiku tukishafunga, tulicheza wenyewe. Kaka alichagua mtindo wa kujilinda, ule ambao ukibonyeza kitufe sekunde ile ile pigo linapofika, halikuumizi, na nguvu yake unaiweka akiba uje kuirudisha. Alikufa mbele ya yule mbwa, sijui mara ngapi. Kisha usiku mmoja akasimama mbele yake bila kukimbia, akapokea barafu moja baada ya nyingine kama mtu anayepokea mizigo kutoka kwenye lori, halafu akairudisha yote kwa pigo moja. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mimi nilikuwa nimeshampita mbwa yule wiki moja kabla, kwa kukimbia kimbia na kupiga risasi kwa mbali. Wote wawili tulikuwa tumeimaliza misheni ya tatu. Atakayeniambia tulicheza gemu moja, simkubalii.

Historia ya mfululizo huu inanipa haki. Gemu la kwanza lilitoka 2001 chini ya Hideki Kamiya, likiwa limezaliwa kutokana na kazi iliyoanza kama gemu jingine, Resident Evil 4. La pili likafuata 2003, na hadi leo wachezaji hulitaja kwa uchungu. Sikubaliani na wanaosema kosa lake lilikuwa wepesi tu. Kosa lake ni kwamba bastola zilikuwa na nguvu mno na maadui wakazubaa mno, kiasi kwamba ungeweza kusimama mbali, ukashikilia kitufe kimoja, na helikopta yenye pepo ikafa. Unamaliza, na hakuna aliyekuona. Hideaki Itsuno aliletwa kuliokoa likiwa limebakiza muda mfupi tu, hakuwa na nafasi ya kulibadili. Akaomba kutengeneza la tatu, na la tatu ndilo lile lililokuwa kwenye droo yetu. Wachezaji walionung'unika mwaka 2003 walisaidia kulileta. Ndiyo maana naona maoni ya mchezaji ni kitu kizito, si cha kutupwa ovyo.

Sasa turudi kwenye la tano, nalo ni la Itsuno. Nero, mmoja wa wahusika unaowachezesha humo, ana upanga wenye mpini kama wa pikipiki. Unaweza kuuvuta moto katika kila pigo, lakini lazima ubonyeze wakati ule ule upanga unapotua, si kabla wala baada. Hakuna sehemu ya gemu inayokulazimisha kujifunza hilo. Unaweza kufika mwisho bila kuuwasha moto huo hata mara moja, na mpwa wangu amefika. Muziki nao unakungojea. Wimbo unazunguka kwenye beti za mwanzo huku unahangaika na C na B, na ukigusa S kibwagizo kinafunguka. Nilipokisikia mara ya kwanza nilisimama kwenye kochi. Mke wangu akadhani Yanga wamefunga.

Lina dosari, na nazisema kwa uchungu wa mtu anayelipenda. V, yule kijana mwembamba wa fimbo, anatuma wanyama wake wapigane huku yeye amesimama pembeni, anakuja kummalizia adui tu. Unaamuru, hupigani. Misheni zake mimi nilizicheza kama mtu anayesubiri zamu yake.

Kuna pia msaada wa kujiendesha: unabonyeza kitufe kimoja, gemu linakuunganishia mapigo mazuri lenyewe. Kwa mtu mwenye mikono mibovu, au mzazi anayetaka kucheza na mwanawe, uwepo na uendelee kuwepo. Nilipomuuliza mpwa wangu, akakiri aliuwasha tangu mwanzo. Nikamwambia basi bado hajalicheza, na hukumu yake airudishe mfukoni. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Akanyamaza. Baada ya chai akaniomba padi. Akauzima ule msaada, akarudi misheni ya pili, kwa Goliath, lile pepo kubwa ambalo safari ya kwanza hata hakulikumbuka. Akafa. Akafa tena. Saa nne usiku dada akapiga simu kumuuliza yuko wapi. Alikuwa amefika A mara mbili, na kila akikaribia S alikuwa anaharakisha, upanga unatua moto haujawaka, herufi inaporomoka.

"Mwambie mama nalala hapa," akasema, bila kugeuza macho.