Bumba la Ndege Nyuki na Swali la Mtenda

Fuata nyuki ule asali, walinena wahenga. Nyuki ninaowajadili hapa hawana asali. Ni ndege zisizo na rubani, ambazo baadhi ya wazungumzaji wa Kiswahili wamekwisha kuziita ndege nyuki. Zikiruka kwa pamoja huwa bumba, na bumba hilo limewatia makamanda mashakani.

Mnamo Oktoba 2016, huko China Lake, California, ndege tatu za kivita za Marekani ziliangusha angani vijindege 103 aina ya Perdix. Vijindege hivyo havikuongozwa kimoja kimoja. Vilipashana habari na kuamua kwa pamoja namna ya kujipanga. Katika mfumo kama huo kamanda hutoa lengo tu. Njia, bumba hujichagulia lenyewe. Hapo ndipo penye utata. Binadamu mmoja hana macho 103. Akitaka kuidhinisha kila tendo, kasi ambayo ndiyo nguvu ya bumba hupotea. Akiliachia, amri imemtoka mkononi. Aidha, adui akivuruga mawimbi ya redio, huenda asiweze kuliita lirudi.

Wapo watakaosema kwamba hili si jambo la wanafunzi wa Kiswahili. Sikubaliani nao. Sarufi yetu imetufunza kumtafuta mtenda. Tukisema 'wanakijiji waliuawa', msikilizaji huuliza: na nani? Hemedi bin Abdallah, aliyetunga utenzi kuhusu vita vya Wadachi katika pwani ya Mrima, aliwataja kwa majina walioongoza vita hivyo. Je, bumba la mashine likiwaua wasio na hatia, mtunzi wa kesho ataandika jina la nani? Ataishia kusema 'waliuawa', kisha aweke nukta?

Mnamo Desemba 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiamulia, nchi 152 zikiliunga mkono. Hata hivyo, azimio si sheria.

Maoni yangu ni kwamba aliyelirusha bumba ndiye mtenda, na abebe lawama hata kama hakuichagua shabaha mwenyewe. Aliyeufungua mzinga penye watu asidai kuwa waliouma ni nyuki. Nasi wana Kiswahili, tusikubali kauli ya kutendwa iwe maficho yake.