MAMBO YA NYUMBANI: Rangi ya Gari la Mtoto



Mtu apitaye vijijini mwetu, kuanzia Bariadi hata Maswa na Meatu, hakosi kuwaona watoto wakivuta magari waliyoyatengeneza wenyewe. Hili ni la dumu la mafuta, lenye magurudumu ya kandambili. Lile ni la boksi. Na wapo vijana waliokwisha kupita hapo. Hao huketi na wembe na gundi, wakakata vipande vya plastiki, wakaunda basi dogo lenye taa na viti, mfano kamili wa yale yaondokayo Bariadi kwenda Mwanza kwa njia ya Lamadi. Tusiicheke kazi hiyo. Huko Uingereza kampuni ya Airfix imeuza vipande vya plastiki vya kuunganisha ndege na meli ndogo tangu miaka ya 1950, na wanaovinunua si watoto tu. Watu wazima wenye wajukuu huvishughulikia jioni nyingi.

Basi likiisha kuundwa, huja shauri la rangi. Hapo ndipo yawapasa baba na mama kufungua macho, maana kijana hutazama jambo moja tu: ing'ae. Akipewa mabaki ya rangi ya lori katika kopo lisilo na jina, huyapokea kwa furaha. Lakini wazee walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi ya kitu cha mtoto ichaguliwe kwanza kwa yaliyomo ndani yake, pili kwa plastiki itakayoipokea. Kung'aa kuje mwisho.

Rangi ni kitu gani?

Kila rangi ina sehemu tatu: unga unaoleta wekundu au unjano, gundi inayoushika unga huo, na maji au mafuta yanayovichukua vyote mpaka vifike mahali pake. Hayo ya tatu hutoka na kwenda hewani rangi inapokauka. Kwa hiyo ukiuliza, "Ni kitu gani kitakachokwenda hewani, na nani atakayekivuta?" umekwisha kuuliza nusu ya swali lote.

Rangi ya maji hutoa maji hasa, na harufu yake ni ndogo. Rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, hukauka polepole, na harufu yake huumiza kichwa. Rangi ya magari huchanganywa na tina, yaani dawa kali ya kuyeyushia. Hukauka upesi, lakini mvuke wake ni mbaya kwa mapafu na hushika moto kwa urahisi. Tena zipo rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya pili ya kuzigandisha. Hizo zaweza kumletea fundi ugonjwa wa pumu asipojikinga kwa vyombo vinavyofaa. Zisiingie nyumbani hata kidogo.

Adui asiyeonekana

Liko jambo kubwa kuliko harufu, nalo ni madini ya risasi, yale mazito yaliyomo katika betri za gari. Tangu zamani viwanda vingi viliyatia katika rangi, hasa rangi za mafuta zenye kuwaka sana: njano, ya machungwa na nyekundu. Risasi haionekani kwa jicho, wala haina harufu. Mtoto hulishika gari lake, hulitafuna, kisha hula ugali kwa mkono uleule. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtoto mdogo hunyonya mwilini risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Huharibu ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, na kilichoharibika ubongoni dawa haikirudishi.

Dunia ilikwisha kuonywa zamani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva mapatano ya kuzuia risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978. Siku hizi Umoja wa Mataifa washauri kila nchi iweke sheria kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni. Basi dukani usinunue rangi ya kupimiwa katika chupa. Nunua kopo lililofungwa, lenye jina la kiwanda na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na maandishi yasemayo kuwa halina risasi. Kama hujui Kiingereza, mpe mwanao wa sekondari akusomee.

Plastiki nayo huchagua

Si kila plastiki hupokea rangi. Kata kipande kidogo, ukitie katika maji. Plastiki ya dumu huelea. Hiyo rangi huikataa, na baada ya siku chache hubanduka kama ganda. Ni heri gari la dumu liachwe na rangi yake, mtoto akalipamba kwa vipande vya dumu la rangi nyingine. Plastiki ngumu ya mabasi na ndege za kuunganisha huzama. Hiyo hupokea rangi vizuri. Lakini tina nyingi huiyeyusha: huvimba, hupasuka, na kazi ya mwezi mzima huharibika kwa dakika moja.

Kwa hiyo, kwa nyumba zetu, chaguo lililo jema ni rangi ya maji, hasa ile ya wachoraji iitwayo akriliki. Osha basi kwa sabuni ili mafuta ya vidole yatoke, ulikaushe, ulikwangue kidogo kwa msasa laini, kisha ulipake.

Juu ya kupuliza

Wapo vijana wanaopenda kupuliza rangi kwa kichombo cha upepo, maana hutanda sawasawa bila alama za brashi. Ni vema. Rangi ichanganywe na maji kidogo kidogo mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ichujwe kwa soksi nyembamba ya nailoni, maana chembe moja tu huziba tundu. Upepo usiwe mkali. Nusu ya ule wa tairi la gari dogo yatosha. Pulizeni kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, tabaka nyembamba, mkingoja kila moja ikauke. Haraka haraka haina baraka.

Ninyi wakulima wa pamba mwajua zaidi ya wengine maana ya kupuliza. Mwajua kusimama upepo ukiwa mgongoni, na kutowaacha watoto wakasogea. Fanyeni vivyo hivyo kwa rangi, hata iwe ya maji, maana matone madogo huingia kifuani. Pulizeni nje, mbali na meko, mkifunika pua na mdomo. Tena jueni kwamba kitambaa huzuia vumbi la rangi kidogo tu, wala hakizuii mvuke wa tina. Na neno hili lishikwe sana: bomba la dawa ya pamba lisitumike kamwe kwa rangi, wala chupa ya dawa isitiwe rangi ya mtoto, hata ikioshwa mara saba.

Asiye na kichombo cha upepo asihuzunike. Brashi laini, tabaka mbili nyembamba, na uvumilivu, vyatosha kabisa.

Mwisho, wazazi wenzangu, msimkataze kijana kazi yake kwa sababu ya hatari hizi. Mikono inayojifunza leo kupima na kukata basi dogo ndiyo itakayojenga nyumba kesho. Mwaka 1955 Papa Pius XII alituwekea tarehe 1 Mei kuwa Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tujue kwamba kazi ya mikono ina heshima. Lakini Amri ya Tano nayo yatuagiza kuulinda uhai na afya. Basi nunueni kopo dogo la rangi njema, hata kama fedha ya pamba ni kidogo mwaka huu. Mabaki ya rangi ya lori ni ya bure dukani. Nyumbani yaweza kumgharimu mtoto akili yake.

Kwaherini mpaka juma lijalo.