Ardhi Isiyolimwa Si Ardhi Tupu

Imekita katika fikra za watu wengi dhana ya kwamba ardhi isiyopitiwa na plau ni ardhi iliyopotea bure. Na dhana hiyo, kwa itikadi yangu, imeyahiliki maua ya porini kuliko mikono ya wachumaji. Ushahidi wangu uko Nieuwoudtville, mji mdogo wa Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha majira ya kipupwe, na ambako huota tunguu ambalo wataalamu hulijua kwa jina la Brunsvigia bosmaniae.

Kiangazi chote tunguu hilo hukaa ndani ya udongo mkavu wa mfinyanzi, pasi na jani wala dalili ya uhai. Ikisha kunyesha mvua kubwa ya kwanza, yapata Machi au Aprili, wakati kwetu masika yanapoingia, huchomoza bua nene lisilo na jani, likabeba kichwa cha mviringo cha maua ya waridi yenye harufu nzuri, na uwanda mzima ukabadilika rangi kwa wiki chache tu. Majani hufuata baadaye, yakalala bapa juu ya ardhi. Kichwa kikikauka hukatika, upepo ukakibingirisha huku kikimwaga mbegu. Nazo ni mbegu teketeke, zisizojua kungoja, ambazo sharti ziote msimu ule ule. Ardhi, basi, haina akiba ya mbegu za kuja kufidia matunguu yaliyokatwa na plau.

Wakulima wengi walilima ngano huko bila kulijua hilo. Neil MacGregor, katika shamba lake la Glenlyon, alishika njia nyingine: aliwapangia kondoo malisho kwa kufuata majira ya mimea, akawastahimilia nungunungu, ambao hula matunguu, ni kweli, lakini mashimo yao huulegeza udongo na kukusanya maji. Shamba hilo, lenye hekta zaidi ya 6,000, ndilo leo Bustani ya Mimea ya Taifa ya Hantam.

Nami nawasihi wenye mamlaka ya kutoa idhini za kulima: mkaguzi asipelekwe kiangazi, akaona vumbi na kuandika kwamba hapana kitu. Apelekwe baada ya mvua ya kwanza, kisha arudi tena kipupwe, majani yakiwa yametoka.