Wakubwa Wakivutana Kariakoo, Shela Linakwama



Wengi wenu mlioko Unguja na Pemba mnaagiza Kariakoo lesi, satini na neti za shela. Sisi mafundi wa huku tunachagua, tunakata, tunashona, kisha mzigo unapelekwa Kivukoni kupanda boti. Ndiyo maana tunasema mvutano wa wafanyabiashara wakubwa na Serikali si habari ya kuwaachia wanaume barazani. Unafika mpaka ndani ya sanduku la bibi harusi.

Tazameni tarehe. Mgomo wa 2023 ulianza Jumatatu ya tarehe 15 Mei, bado tuko ndani ya Mfungo Mosi. Wa 2024 ulianza Jumatatu ya tarehe 24 Juni, kama wiki moja tu baada ya Idi Kubwa. Pwani nzima inajua kuwa hiyo ndiyo miezi ya ndoa. Mwenye makontena akifunga duka siku tatu, mali yake haiozi, akifungua ataikuta. Fundi aliyekwisha pokea arbuni, na nikaha ni Ijumaa, afanyeje? Aliyekuwa na jora nyumbani aliliuza kwa bei aliyoitaka mwenyewe, na tulinunua, kwa sababu bibi harusi haambiwi asubiri kikao kiishe.

Hatusemi wafanyabiashara hawakuwa na hoja. Mwaka 2023 walilalamikia kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo. Tarehe 17 Mei Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja, akawasikiliza, mambo hayo yakasitishwa. Watu wakashangilia. Mwaka mmoja baadaye maduka yakafungwa tena, safari hii kilio kikubwa kikiwa kamatakamata ya risiti, na mgomo ukaenea hadi mikoa mingine. Viongozi wao wakakutana na Serikali Dodoma, likatoka tangazo la kusitisha kamatakamata, na bado si wote waliofungua mara moja. Kwa maoni yetu hapo ndipo palipo na ugonjwa: neno linatolewa jukwaani na mkubwa kwa mkubwa, makofi yanapigwa, halafu sisi wa chini hatuna pa kulishika.

Julai 2024 Rais Samia akambadilisha Kamishna Mkuu wa TRA. Alphayo Kidata akaondoka, akaja Yusuph Mwenda, ambaye nyinyi wa visiwani mlimjua tangu akiongoza ZRA. Ikaundwa pia tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Mwaka 2025 Serikali ikakataza wageni kufanya aina 15 za biashara, jambo ambalo Kariakoo walilipigia kelele muda mrefu. Kwa hiyo wenye sauti wamepata chao. Ila katika kusoma na kusikiliza kwetu habari zote hizi, hatukumbuki mahali fundi cherehani alipotajwa, wala mama anayenunua pea tatu za kanga akauze kwao.

Na tuseme na la dini, maana hapa ndipo mahali pake. Kumsimamisha mwanamke njiani na mfuko wake kama mwizi, kwa sababu muuzaji hakumpa risiti, hiyo ni dhulma. Kosa si lake. Lakini muuzaji anayepokea laki tatu akatoa risiti ya elfu themanini naye hana pa kujificha. Ipo sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na risiti ni kipimo. Wapo wanaotuambia kodi hazina uadilifu kwa hiyo uongo huo unaruhusiwa. Sisi hatukubali. Ukimdanganya mtoza kodi, anayekamatwa na karatasi yako ni mteja wako. Dada, ukinunua hata mita mbili za lesi, daiwa hela kamili na dai risiti kamili, usione haya.

Tunachotaka si kikubwa. Wanapokaa mezani, wawepo wanawake wanaonunua rejareja na wanaoshona, si wenye maghala peke yao. Na kama lazima wagome, watangaze siku mapema, kwa jina na sahihi ya kiongozi, ili fundi anunue kitambaa chake na mwenye harusi ajipange. Miezi ya ndoa haijifichi, kila nyumba ina kalenda. Vikao vyao wavikae Shaabani, kabla watu hawajatoa posa na arbuni.