Mama wa mwani yumo au hayumo?

Zamani kidogo nilikuwa mdadisi wa utafiti wa nguvu kazi. Siku moja nilipiga hodi katika nyumba moja Jambiani, kusini mwa Unguja. Bibi mwenye nyumba akanitandikia jamvi. Nikamsomea swali la dodoso: katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote ya kujipatia kipato, japo kwa saa moja?

Akacheka. “Sina kazi, mwanangu. Nakaa tu.”

Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa kamba na chumvi. Uani kulikuwa na mwani umeanikwa.

“Na huu nani kauanika?”

“Mie.”

“Na kamba hizi nani kazifunga?”

“Mie. Nangojea bamvua.”

Siku saba zile zilikuwa za maji mafu. Wakulima wa mwani huteremka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Siku nyengine huanika, hufunga kamba, hupika, hulea. Lau ningeandika jibu lake la mwanzo na kwenda zangu, angehesabiwa kuwa hana kazi wala hatafuti, yaani hayumo kabisa katika nguvu kazi ya nchi.

Namkumbuka bibi yule kila ninaposikia watu barazani wakilinganisha visiwa. “Wenzetu wa Morisi wanafanya kazi, sisi wavivu.” Wanaosema hivyo waangalie takwimu. Kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi ni idadi ya walio kazini pamoja na wanaotafuta kazi katika kila watu mia wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa kipimo hicho Madagaska imepita 80, na Morisi imekuwa ikizunguka kwenye 60. Ipi tajiri? Morisi, tena kwa mbali. Masikini wa Madagaska hana akiba wala pensheni. Asipofanya kazi leo, leo hali.

Tazama na miaka. Morisi ilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, miaka miwili baada ya uhuru, na wanawake kwa maelfu wakaingia kwenye vyerehani. Ushiriki wao ukapanda. Mwaka 1977 elimu ya sekondari ikawa bure: kijana anayebaki darasani hupunguza kiwango cha ushiriki, lakini nani atalia kwa hilo? Mwaka 2005 mfumo wa dunia wa mgao wa biashara ya nguo ukaisha, viwanda vikafungwa, wanawake wengi wakarudishwa nyumbani. Kupungua kwa darasani na kupungua kwa kiwandani, pale aliyeachishwa anapoacha hata kutafuta kazi, huonekana sawa kwenye jadweli, ingawa moja ni neema na jengine ni msiba.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakakubaliana kwamba anayelima hasa kwa chakula cha nyumbani kwake asihesabiwe tena kuwa ameajiriwa. Kazi yake ipimwe mbali. Nchi yenye wakulima wengi wa aina hiyo ikihamia kipimo hicho huona ushiriki ukishuka, na hakuna hata mmoja aliyeweka jembe chini. Ukichukua takwimu za kale za kisiwa kimoja ukazipambanisha na za leo za chengine, umepima nguo mbili, moja kwa pima na moja kwa mita.

Sipingi kulinganisha, nimekula mkate wa takwimu. Ninachoomba ni viwili. Ofisi zetu za takwimu zikitoa kiwango, zitoe cha kipimo cha zamani na cha kipya, vikae ukurasa mmoja. Na wadadisi wasiishie kwenye neno “kazi”, kwani kwa bibi zetu kazi ni ya ofisini. Wamtajie mwani, ukili, usumba na chaza, kimoja kimoja.

Bibi wa Jambiani nilimwandika: yumo. Sijui ni wangapi waliandikwa hawamo.