Kinyota Juu ya Kauli ya Bibi

Hapa Maskati, katika nyumba zetu za Seeb na Al Khuwair, mlango ukigongwa bado utasikia: "Bibi, kaja mgeni." Ni Kiswahili kilichovuka bahari kutoka Unguja baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala. Mwanaisimu aliyejifunza lugha hii vitabuni ataona kasoro: -ka- ni ya masimulizi, na mazungumzo hayafunguliwi kwa -ka-. Ataiwekea kauli hiyo kinyota, alama ya kisichokubalika, kisha aongeze kwa huruma kwamba Kiarabu kimetuharibia ndimi.

Kiarabu hakihusiki. "Kaja", kwa maana ya "amekuja", husemwa Unguja mjini hadi leo. Wala si uvivu wa ulimi. Wageni wakiwa wawili, bibi husema "wamekuja". Akisema "wakaja", anasimulia tukio lililofuata jingine. Kama "kaja" ingekuwa "akaja" iliyokatwa kichwa tu, basi "wakaja" nayo ingebeba maana ya "wamekuja". Haibebi. Huenda maumbo haya yalitoka tumbo moja, sibishi. Lakini katika sarufi ya bibi ka- hiyo ni nafsi ya tatu umoja na hali timilifu kwa pamoja, na wajukuu waliipata bila mwalimu.

Huu ndio ushahidi ambao sarufi zalishi inadai kuutafuta. Tangu Chomsky alipoeleza kanuni na vigezo mwaka 1981, wengi wa wafuasi wake wameviacha vigezo vikubwa vinavyotenga lugha nzima nzima, wakaelekea kwenye tofauti ndogo zilizomo ndani ya mofimu mojamoja. Mofimu inayokubali umoja na kukataa wingi ilipaswa kuwakosesha usingizi. Badala yake, katika makala nyingi mno, mifano huitwa "Kiswahili", basi, bila kutajwa msemaji alilelewa wapi. Yaani umilisi wa binadamu umekabidhiwa Kamati ya Lugha ya 1930, iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja hichohicho, kwa ajili ya vitabu vya shule!

Anayetaka kuweka kinyota na aandike kwanza: kwa sarufi ya nani? Bibi naye anavyo vinyota vyake. Mwambie "wageni kaja", atakucheka.