Jungle na Jasho la Mpiga Ngoma

Wako wasemao kuwa jungle, muziki uliozuka London mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni kelele tupu. Mimi nakataa. Besi yake nzito ni ya rege, urithi wa vijana ambao wazee wao walihamia Uingereza kutoka Jamaika. Kinikeracho ni jasho la mtu. Mapigo yale ya mbio, mengi yalinakiliwa katika santuri ya The Winstons wa Marekani, ya 1969: sekunde saba hivi za ngoma za Gregory Coleman. Kwa hayo hakulipwa hata senti; alikufa 2006 hana makao. Sisi watunzi wa Mwambao twaujua uchungu huo: utungo wako huimbwa harusini, jina lako lisitajwe. Mwaka 2015 mashabiki walimchangia kiongozi wa bendi, Richard Spencer, pauni 24,000. Coleman yu kaburini.